Fundi Simu wa Masasi na Meno ya Flora

Watu wa Chilangala, leo sitawabembeleza. Mnanijua. Mimi ndiye Mama Huruma, niliyekuwa mhudumu wa kliniki ya meno kule Ndanda miaka ishirini na miwili, nikishika trei, nikichemsha vyombo, nikiwatuliza wanaume wenye ndevu zao wanaolia kabla sindano haijawagusa. Nimestaafu, nimerudi nyumbani, na uwanja wangu umepakana na wa Ambrosi. Haya ninayoyasema sikuyaokota njiani. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine, kwa aibu yangu, niliyaona nikanyamaza.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, tumetoka misa. Veridiana, mke wa Ambrosi, alikuwa anachoma korosho uani juu ya bati lililotobolewa matundu, moshi unamfukuza huku na huku. Bibi Dominika, mama yake Ambrosi, alikaa mkekani anabangua zilizopoa, vidole vyake amevipaka majivu ili yale mafuta ya maganda yasimuunguze. Na Flora, binti pekee wa nyumba ile, miaka kumi na sita, kidato cha tatu, alikuwa anamsimulia bibi yake jinsi mwalimu wa kwaya alivyosinzia katikati ya mahubiri. Wote watatu wanacheka, nami nacheka nao kutoka kwangu.

Flora alikuwa na chonge moja ya juu, upande wa kushoto, iliyopanda mbele ya jino la jirani yake. Ya upande wa kulia haikuota kabisa. Ndiyo hivyo tu. Mtoto alikuwa anakula, anaimba peke yake mstari wa kwanza kanisani, anacheka mpaka magego yanaonekana. Hakuna siku alilalamikia sura yake.

Ndipo Ambrosi akaingia na simu mkononi.

"Mama Flora, acha hizo korosho, njoo uone," akasema. "Huyu ni binti wa yule mfanyabiashara wa Masasi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tazama meno. Nyaya tupu! Yanang'aa!"

"Amefanya nini? Ameumia?" Veridiana akauliza.

"Ameumia wapi! Ni matibabu ya kisasa. Watoto wa wenye nacho wote wanavaa. Na Flora atavaa. Krismasi ndugu zangu wa Dar wakija, wamkute nazo."

"Baba, mimi sitaki," Flora akasema.

"Wewe hujui unachotaka."

Nyinyi mnatujua tulivyo korosho ikienda vizuri. Tunaota pembe. Mwaka juzi kuna mtu hapa hapa, jina namhifadhia, alinunua makochi ya ngozi, akakataa kuyavua nailoni yasichafuke, mpaka panya wakazaa ndani. Mwingine alikuwa anakodi bodaboda kwenda chooni kwa jirani. Ambrosi yeye msimu ule alikosa cha kuonyesha ukutani, akaamua kukionyesha mdomoni mwa mtoto wake.

Hata hivyo nilimwambia, "Baba Flora, kama ni meno kupangwa, jambo jema. Nenda Ndanda. Nitakusindikiza."

Tukaenda. Daktari Apolinari, ambaye nilifanya naye kazi miaka mingi, alimpokea Flora vizuri, akampiga picha ya eksirei inayoonyesha taya zote kwa pamoja. Akaibandika kwenye mwanga, akatuita tusogee. Lile jino la kulia ambalo halikuota lilikuwepo! Limelala chali ndani ya mfupa wa taya.

"Zamani tungesema basi, liacheni," daktari akasema. "Siku hizi linavutwa. Unapigwa ganzi, ufizi unafunguliwa kidogo, jino linabandikwa kitufe chenye mnyororo mwembamba, halafu linashushwa polepole, mwezi kwa mwezi, mpaka linakaa mahali pake. Ndiyo nyaya zenyewe hizo mnazoziona. Kazi yake si kung'aa, ni kusogeza jino ndani ya mfupa bila kuliua. Bingwa wa kazi hiyo yuko Dar, nitawaandikia rufaa. Ni kama miaka miwili."

"Miwili!" Ambrosi akashtuka.

"Miwili. Lakini kwanza kuna hili." Akaonyesha gego la chini, upande wa kulia. "Limeoza. Shimo limefika kwenye mzizi, na hapa chini usaha umeanza kujikusanya. Hili tulitibu leo, au tuling'oe. Hakuna mtaalamu wa kweli atakayefunga nyaya juu ya jino bovu."

Jamani, hapo ndipo mtu mwenye akili anasema asante. Ambrosi akasimama, akavaa kofia yake mbele ya daktari. "Daktari, mimi sikuja kutafutiwa ugonjwa. Nimekuja kuwekewa nyaya. Mtoto hajalalamika kuumwa, wewe unataka kumng'oa!"

"Halijaanza kuuma. Litauma."

"Likiuma tutakuja," akasema, akamshika mtoto mkono, wakatoka.

Njiani kurudi hakunyamaza. Na ninataka mlisikie vizuri neno lake, kwa sababu wengi wenu mlilisikia baadaye kilabuni kwenye uraka, pombe ya mabibo, mkalipigia makofi. Alisema hivi: "Mama Huruma, sisi ni Wamakonde. Tunachonga mpingo, mti unaovunja shoka. Jino litatushinda? Mama yangu mzazi alichongwa meno yote ya mbele kwa patasi, uani kwao, hakuna ganzi, hakuna eksirei, na mpaka leo anabangua korosho. Hawa madaktari wanatutisha ili turudi rudi."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini Ambrosi aliona nyaya zinang'aa mdomoni mwa mtoto wa watu, akadhani zinaundwa popote palipo na koleo.

Masasi, karibu na stendi, alikuwepo mtu anaitwa Sultani. Alijifunza kuchonga vinyago akashindwa, kwa sababu mpingo hautaki mvivu. Akawa fundi simu. Fundi simu ana koleo ndogo, ana taa ya kichwani, ana kioo cha kukuza vitu, ana supagluu. Siku moja mteja mmoja alimuuliza kwa utani kama anaweza kumbandikia kijiwe kinachong'aa kwenye jino la mbele. Akambandikia. Wiki iliyofuata bango lilikuwa limebadilika: DAKTARI SULTANI, SIMU NA MENO. Nami nawaapia, kuna watu wazima walisoma bango lile, wakasema hapa ndipo.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja Ambrosi akampeleka Flora kwake. Flora alinisimulia mwenyewe, baadaye, alipoweza kusema. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiegemeza ukutani, mbele yake simu zilizofumuliwa. Sultani hakunawa mikono. Alichukua kimashine alichobaki nacho tangu uchongaji, cha kulainishia vinyago, akaisaga ile chonge iliyopanda mbele mpaka ikalingana na wenzake. Mtoto alipiga kelele, watu wa stendi wakageuka. Ambrosi akamwambia, "Vumilia, bibi yako alivumilia." Halafu vikabandikwa vipande vya bati kwa supagluu, jino moja moja, juu na chini, ukapitishwa waya. Sultani akaona lile gego bovu lina shimo. Akalijaza supagluu, akalizungushia waya akaukaza, liwe nguzo ya kushikilia nyaya nyingine.

Yaani shimo ambalo usaha ungepata kupumulia, aliliziba. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua jipu halizibwi.

Flora aliporudi, kijiji kizima kilikuja kutazama. Mlikuja! Msijifanye mmesahau. "Fungua kinywa, Flora, tuone." "Loo, kama Mzungu!" Mkapiga naye picha. Mimi nikapita katikati yenu, nikatazama ndani ya kinywa kile, nikamwambia Ambrosi mbele ya watu, "Mrudishe Ndanda leo hii. Hili gego lililozibwa litamuua."

Mama Jafari, yule mwenye genge pale njiapanda, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mama Huruma, wivu huo! Wa kwako hakuwekewa." Watu wakaangua kicheko. Ambrosi akaongeza kwamba mhudumu wa kuchemsha vyombo hawezi kumfundisha daktari.

Basi nikanuna. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikasema shauri yao. Siku nane sikukanyaga uwanja wa jirani yangu, na nilikuwa nasikia mtoto anaugulia. Naweza kuwatukana wote hapa, lakini nikifika kwenye siku zile nane sina wa kumtukana ila mimi. Nilijua, nikakaa na kiburi changu.

Siku ya tatu ilianza kuuma. Ambrosi akasema, "Zinakaza, ndiyo kazi yake." Siku ya tano Flora hakuweza kutafuna. Ambrosi akapiga simu Masasi, Sultani akasema asukutue maji ya chumvi. Siku ya saba Ambrosi akakumbuka dawa ya nyumbani, akamwamuru Veridiana achukue mafuta ya maganda ya korosho, yale yale tunayopaka kwenye miguu iliyopasuka, achovye pamba, akandamize kwenye ufizi. Mafuta yanayobabua vidole vya wabanguaji, mpaka wajipake majivu! Veridiana alisita.

"Yatamuunguza, Baba Flora."

"Yataua mdudu. Paka."

Akapaka. Tangu aolewe Veridiana alikuwa anapaka anachoambiwa apake, anapika anachoambiwa apike. Ufizi ukababuka ukawa mweupe. Siku ya nane Sultani alipopigiwa tena, simu haikupatikana.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Bibi Dominika akaja mlangoni kwangu anatembea kwa fimbo. Hakubisha hodi. "Mama Huruma," akasema, "acha hasira zako. Mtoto hamezi mate."

Nilipotoka, sikuvaa hata kandambili. Flora alikuwa amekaa kitandani, ameinama mbele, mate yanachuruzika kwenye kanga. Chini ya taya, pande zote mbili, amevimba mpaka shingoni, na nilipogusa palikuwa pagumu kama ubao. Kinywa hakifunguki. Ulimi umesukumwa juu. Kila akivuta pumzi, inakoroma. Nimewaona watatu wa namna hii katika kazi yangu. Wawili walifika wamechelewa, na hawakuona jua la pili.

"Gari," nikasema. "Sasa hivi. Usaha umeshuka chini ya ulimi, unafunga njia ya hewa."

Na sikieni alichosema baba mtu. Alisema, "Wakifika kule watazing'oa zile nyaya. Krismasi imebaki wiki tatu."

Aliyejibu ni mama yake. Bibi Dominika alimsogelea, akafunua mdomo wake wa juu kwa vidole viwili, pale ndonya, kile kipuli cha mdomo, ilipokuwa zamani, yakaonekana yale meno yaliyochongwa.

"Ambrosi, umenitangaza kijiji kizima kwa meno haya. Sasa yatazame. Aliyenichonga alikuwa mjomba wa mama yangu. Alikaa kwetu siku saba, analala kwetu, ananitazama asubuhi na jioni, mpaka nilipokula ugali. Na msichana aliyechongwa siku moja nami alikufa kwa uvimbe, jina lake Namalenga, hilo hukuniuliza. Sisi hatukuwa na kwa kwenda. Wewe unako, unakataa. Huyo fundi wako yuko wapi? Mwite aje alale hapa."

Veridiana alikuwa ameshatoka mbio barabarani.

Tulipata gari dogo la mizigo lililokuwa linarudi tupu kutoka ghalani. Nilimkalisha Flora mbele, wima, nikamkataza kulala, kwa maana akilala ulimi unaziba. Kutoka Chilangala hadi Newala, Newala hadi Masasi, Masasi hadi Ndanda, nilikuwa nahesabu pumzi zake. Tulipita Masasi pale stendi. Meza ya Sultani ilikuwepo, na watu wamejaa.

Ndanda hawakutuuliza maneno mengi. Daktari Apolinari alimtazama mara moja tu, akaita watu wa upasuaji. Dawa ya usingizi haikuwezekana, kwani akilala atakosa hewa. Wakamtoboa kooni, mbele ya shingo, akiwa macho, kwa ganzi ya sindano pale pale, wakapitisha mrija apumue. Ndipo wakampasua chini ya taya, kushoto na kulia, usaha ukatoka bakuli zima, na ile harufu hata mimi niliyeizoea ilinigeuza uso. Gego likang'olewa. Daktari alisema angechelewa saa mbili, tungekuwa tunazungumza habari za jeneza.

Flora alikaa siku tano chumba cha wagonjwa mahututi, mrija kooni, hawezi kutoa sauti. Nyaya zilitolewa moja moja. Supagluu iling'oa na ngozi ngumu ya meno ya mbele, ikaacha mabaka. Ile chonge iliyosagwa ilikuwa imekufa na kugeuka rangi. Meno mawili ya chini yalikuwa yanacheza, yakatolewa.

Siku ya sita tukaruhusiwa kuingia wote. Ambrosi alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akatazama bandeji, akatazama mrija. Halafu akamgeukia daktari, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa daktari, zile nyaya zitarudishwa lini?"

Daktari akatoka nje. Flora alifumba macho.

Veridiana akainuka kwenye kiti cha kando ya kitanda alichokalia siku zote sita. Miaka kumi na minane ya ndoa sijawahi kumsikia akimwambia mumewe hata neno "subiri". Akasema, "Toka."

"Mama Flora..."

"Toka nje, ukakae na viatu. Huyu mtoto ni wangu mpaka apone."

Na Ambrosi akatoka. Nilimwona dirishani, amekaa kwenye ngazi kati ya kandambili za watu, na sikumwonea huruma hata chembe.

Mungu ni mwema, Flora yu hai. Ana makovu matatu shingoni, na kinywa kinafunguka upana wa vidole viwili. Kwaya ameacha. Si kwa sababu ya sauti, sauti ilirudi. Hataki kufungua mdomo mbele za watu. Mtoto ambaye hakuwahi kuona aibu ya meno yake, sasa anacheka ameziba mdomo kwa kiganja, na hiyo ndiyo kazi nzima ya baba yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Masasi. Nilikuwa nimempeleka Sultani kunakohusika, wakamfungia ile meza. Nikamkuta ng'ambo ya pili ya stendi, meza mpya, bango jipya. Nikamwambia anachostahili, sitarudia hapa kwa kuwa kuna watoto. Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mama, mimi sijamburuta mtu. Wanakuja wenyewe."

Nikatazama aliyekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Ni Mama Jafari! Mama Jafari aliyekwenda Ndanda kumwona Flora, akabeba kilo mbili za sukari, akalia kwenye korido mpaka wauguzi wakamtoa. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mdomo wazi.

"Mama Jafari!" nikasema. "Wewe?"

Akafuta mate kwa upande wa kanga. "Mimi sitaki yote kama Flora," akasema. "Nataka la mbele tu."

MAFUNZO YA HADITHI HII

Kinywa si ukuta wa sebule, mtu atundike apendacho. Meno yamepandwa ndani ya mfupa wa kichwa, karibu na njia ya pumzi, na uchafu ukiingia pale hauchukui mwezi kuua. Kupanga meno ni tiba ya kweli na ni nzuri. Mtoto mwenye shida ya meno apelekwe hospitali, apigwe picha, jino bovu litibiwe kwanza, na bingwa apewe muda wake. Anayekuahidi kumaliza kwa mchana mmoja kando ya stendi hajui anachokifanya, nawe unayempelekea mtoto hujui unachokitaka. Jino likiuma usiliwekee mafuta ya maganda wala supagluu. Ukiona uvimbe chini ya taya na mtu hamezi mate, usimlaze, usingoje kesho, tafuta gari.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wazazi, sifa mnazozitafuta kwa miili ya watoto wenu ni zenu, na maumivu ni yao. Mtoto akisema hataki, muulize kwa nini kabla hujamwambia hajui. Na wewe jirani unayeujua ukweli, ukitukanwa, tukanwa, kisha rudi ukaseme tena kesho yake. Mimi nilinuna siku nane. Flora akiniamkia sasa, "Shikamoo Mama Huruma," mkono wake uko mdomoni, nami naitikia marahaba nikitazama pembeni.